Leleshwa kwenye ploti ya hamsini kwa mia

Kama unaishi Nakuru, au popote kati ya Gilgil na Rongai, na unataka ua ambao ndege, vipepeo na vinyonga wataufanya kwao, usianzie kwenye vitalu vya kando ya barabara. Huko utauziwa duranta ya manjano, bogenvilia na miche ya saipresi, yote mimea iliyoletwa kutoka mabara mengine. Anza na leleshwa. Ni kile kichaka cha kijivu unachokiona barabara kuu ikishuka kutoka Gilgil kuelekea Elementaita, kinachojaza miteremko ya mawe na kugeuka cheupe upepo ukipindua majani. Wengi hukipita miaka nenda miaka rudi wakidhani ni pori tu. Wengine wanakijua kikiwa tayari makaa ndani ya gunia.

Mimi nimekipanda Lanet, kando ya mji wa Nakuru, kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia ambayo pia ina nyumba, tangi la maji, banda la kuku na kamba za kuanikia nguo. Natangulia kulisema hilo kwa sababu watu wakisikia habari ya ua wa ndege wanadhani lazima uwe na ekari.

Wataalamu wa mimea huiita Tarchonanthus camphoratus, na iko katika familia moja na alizeti. Jani lake ni la kijivu-kijani juu, na chini limefunikwa manyoya meupe laini. Lifinye vidoleni, utasikia harufu kali ya kafuri ambayo haitoki mkononi mpaka uoge. Wamaasai wamelitumia jani hilo tangu zamani kuweka kwapani na kutandika kitandani. Ikiachwa bila kukatwa, leleshwa hukua mita mbili hadi sita, lakini inavumilia mkasi, kwa hiyo urefu utauamua wewe.

Sababu kubwa ya kuipanda ni kwamba viumbe wa hapa wameizoea. Kuna ndege mmoja, Prionops poliolophus, mweusi mgongoni na mweupe kifuani, mwenye shungi la kijivu, anayetembea kwa vikundi vyenye kelele. Anapatikana kusini-magharibi mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania tu, na upande wetu wa Bonde la Ufa makao yake ni vichaka vya leleshwa. Vichaka hivyo vikifyekwa kwa ajili ya makaa na mashamba, naye hupungua. Majimbo makavu ya magharibi mwa Marekani nayo yana kichaka chao cha kijivu chenye harufu, Artemisia tridentata, na ndege aina ya sage-grouse ambaye wakati wa baridi kali hula majani yake na karibu hakuna kingine. Huko pia kichaka kikiondoka ndege anaondoka. Sitarajii ndege wa shungi atue Lanet katikati ya mabati. Lakini wapo wengi wengine wanaotafuta mahali pa kutua, na hao wanakuja.

Kupata mbegu na vipandikizi

Kwanza elewa jambo hili, maana bila hilo utapanda na kungoja bure: leleshwa ina mti dume na mti jike. Jike ndiye anayetoa zile pamba nyeupe zinazofunika mbegu, na pamba hiyo ndiyo ndege huitafuta kwa kutandika ndani ya viota. Mzee mmoja anayechunga mbuzi upande wa Elementaita ndiye aliyenionyesha. Nilikuwa nimesimama mbele ya kichaka kikubwa kizuri nikikata matawi. Akanisogelea pole pole na fimbo yake akasema, "Mama, huyo ni dume. Hatakupa pamba. Njoo huku nikuonyeshe mke wake." Nikamwambia, "Asante, mzee wangu," nikamfuata. Jike alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na matawi yake ya juu yalikuwa yamevimba weupe.

Ikiwa ndogo huwezi kuzitofautisha. Mpaka ichanue. Kwa hiyo kama unapanda kwa mbegu, panda miche mitano au sita ili upate mchanganyiko, kisha utakuja kupunguza. Kama unapanda kwa vipandikizi, kata kutoka kwa jike unayemjua na upate jike, kata kutoka kwa dume upate dume. Ua mdogo unahitaji majike wawili watatu na dume mmoja. Na kama kuna leleshwa za porini karibu nawe, dume wa huko atatosha, maana mbegu za jike aliyekaa peke yake mara nyingi huwa tupu.

Usiende kung'oa miche ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru wala msitu wa Menengai. Ni kosa kisheria, na hata kama hakuna anayekuona, mche uliojiotea kwenye mawe huacha nusu ya mizizi yake huko chini na kufika nyumbani umeshalegea. Mwombe ruhusa mwenye shamba la binafsi. Wenye mashamba wengi watakushangaa unaomba kitu ambacho wao hufyeka, nao watakupa. Unaweza pia kuuliza KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, ambao huuza mbegu za miti, au utembelee bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro ujifunze kuitambua mimea ya asili kabla hujaanza kuitafuta.

Mbegu iko tayari pale pamba inapotoka kwa kuvutwa kidogo tu na vidole. Ikikataa, iache. Jaza mfuko wa karatasi, usitumie wa nailoni kwa sababu unyevu utaiozesha. Nyumbani, sugua pamba hiyo na mchanga mkavu kati ya viganja mpaka mbegu zijitenge. Ni ndogo sana, na nyingi hazitaota, kwa hiyo usihesabu moja moja. Mwaga kwa wingi.

Kwa kitalu natumia karai kuukuu lililotobolewa chini. Sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya mchanga wa mto, bila samadi yoyote. Tandaza mbegu juu, zifunike kwa mchanga mwembamba kiasi cha kuzificha tu, kisha nyunyiza maji kwa mkebe wenye matundu madogo. Weka karai mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, na lifunike kwa wavu, la sivyo kuku watalipekua siku hiyo hiyo. Udongo uwe na unyevu lakini usitote. Miche michanga inayokaa kwenye tope huoza shingoni na kulala chini yote kwa usiku mmoja. Ikishatoa majani manne, ihamishe kwenye pakiti za maziwa zilizotobolewa.

Kwa vipandikizi, chagua tawi lililoanza kukomaa, unene wa kalamu ya risasi, urefu wa shibiri moja. Ondoa majani ya chini, acha machache juu, na zike nusu yake kwenye mchanga mnene ulio kivulini. Mwagilia kidogo kidogo. Si vyote vitashika, hata ukiwa na mkono mzuri, kwa hiyo weka mara tatu ya idadi unayohitaji na usivivutevute kila asubuhi kuangalia kama vina mizizi.

Ukianza kitalu mwezi wa Septemba au Oktoba, miche itakuwa na urefu wa shibiri kufikia mvua za masika, na hizo ndizo za kupandia. Iliyobaki nyuma ingoje mvua zinazofuata.

Kupanda

Udongo wa Lanet ni jivu la volkano, mwepesi, unaokunywa maji kabla hujaweka ndoo chini. Watu wanaulalamikia. Leleshwa inaupenda. Inachoogopa ni maji yanayosimama, kwa hiyo kama ploti yako iko mahali pa udongo mweusi unaoshika maji, inua tuta la mawe na kokoto na upande juu yake.

Chimba shimo la futi moja na nusu kila upande. Udongo uliotoa ndio utakaorudisha. Hapa ndipo ninapobishana na karibu kila mtu anayekuja kuomba miche. Wanataka kutia samadi, wanataka kutia mbolea ya kupandia waliyobakisha msimu wa mahindi. Usitie. Leleshwa iliyolishwa hupanda juu haraka ikiwa na matawi marefu dhaifu yanayovunjika kwa upepo wa Agosti, majani yanakuwa makubwa na laini, na harufu yake hupungua. Iache na njaa yake. Kichaka kinachotafuta chakula chenyewe hushikana, huwa kifupi na kizito, na ndani ya kichaka kizito ndimo ndege mdogo anapojificha mwewe akipita.

Panda wakati mvua imeshalowesha udongo hadi urefu wa mkono, siyo tone la kwanza. Shina lizikwe kiwango kile kile lilichokuwa kwenye pakiti. Ukitaka ukingo wa kuziba vumbi la barabara, acha mita moja kati ya mche na mche. Ukitaka vichaka vinavyojitegemea, acha mita tatu, na pia mita tatu kutoka ukuta wa nyumba na shimo la choo. Tandaza mawe madogo kuzunguka shina kwa matandazo. Nyasi kavu pia zinafaa, ila Lanet huleta mchwa, nami nimeona mawe yanatosha.

Maji ni kama samadi: leleshwa inahitaji machache kuliko unavyodhani. Kiangazi cha kwanza, Desemba hadi Februari, mpe kila mche lita tano kwa wiki, zimwagwe polepole jioni. Miezi ikienda, fanya kila wiki mbili. Ikiisha masika ya pili, acha kabisa. Majirani watakuambia mti wako umekauka kwa sababu ni wa kijivu. Huo ndio ulivyo. Unaoumwa utaujua majani yakikunjamana na ncha za matawi zikianguka, na mara nyingi chanzo huwa maji mengi.

Mbuzi wataila, kwa hiyo zungushia miiba mpaka ipite urefu wa kiuno. Twiga wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru huila pia, lakini hao hawatakufikia.

Majirani wa leleshwa

Leleshwa peke yake inatoa kivuli, maficho na pamba. Haitoi matunda, na maua yake madogo meupe hayana nekta ya kumshibisha chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua. Kwa hiyo ipe wenzake watatu, wote wa asili, wote wanaostahimili ukame.

Wa kwanza ni mukawa, Carissa, wenye miiba miwili miwili na maua meupe yenye harufu tamu. Tunda likiwa jeusi-zambarau ni tamu, watoto wanalijua, ndege kama shore na pasa wanalijua zaidi. Otesha mbegu mbichi mara tu umekula tunda. Huu ndio niliouweka upande wa barabara, kwa sababu hakuna mwizi anayepita kwenye mukawa uliokomaa. Watu hupanda kayaba kwa kazi hiyo, lakini kayaba ilitoka kusini mwa Afrika na mukawa ulikuwa hapa.

Wa pili ni Leonotis, yule mmea mrefu wa kando ya reli na mashamba, wenye maua ya rangi ya machungwa yaliyokaa mviringo kuzunguka bua, ghorofa juu ya ghorofa. Watoto hunyonya asali yake. Mdomo mrefu uliopinda wa chozi unaingia ndani ya ua hilo kama ufunguo kwenye kufuli. Kusanya mbegu kwenye bua lililokauka, zimwage mvua ikianza, na mwaka huo huo utaona maua.

Wa tatu ni mshubiri wa huku, Aloe kedongensis, unaoota katika Bonde letu la Ufa na si kwingine. Una mashina marefu na maua mekundu ya kuelekea machungwa, nao hushika kwa urahisi ukikata shina, ukaliacha likauke kidonda siku chache kivulini, kisha ukalisimika kwenye kokoto. Pata kipande kwa mtu aliyenao nyumbani. Mishubiri ya porini imevunwa vya kutosha.

Na uondoe lantana. Najua maua yake yanapendeza na vipepeo huyatembelea, lakini ilitoka Amerika, inaua mifugo ikiliwa, na ndege wakishabeba mbegu zake huwezi tena kuizuia. Ing'oe na mizizi udongo ukiwa umelowa.

Weka pia maji. Kifuniko cha ndoo kilichojaa vidole viwili tu vya maji, jiwe katikati la kusimamia, mita mbili hivi kutoka kichakani ili paka asipate pa kuvizia. Badilisha maji kila siku ya pili, mbu wasizaliane. Usinyunyizie dawa za wadudu, kwa sababu ndege kwera hulisha makinda yake viwavi na panzi, na ukiwaua hao umefunga jiko lake. Na kama unakaa mitaa inayopakana na hifadhi, usimtupie nyani wala tumbili chochote cha kula, hata ganda la ndizi.

Habari ya nyoka

Hili ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na kila anayepita langoni. Jirani yangu, baba wa watoto wanne, alikuja kuniambia kwa heshima kabisa: "Mama, huo msitu wako utatuletea nyoka." Nilimkaribisha ndani tukatembea pamoja. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata mahindi yaliyomwagika, chakula cha kuku kilichoachwa usiku, mabati na mbao zilizorundikwa nyuma ya nyumba. Nilimwonyesha kwamba nyuma ya nyumba yangu hapana rundo, na chakula cha kuku kiko kwenye pipa lenye kifuniko.

Kisha nilimwonyesha shina. Leleshwa naziondolea matawi ya chini, kuanzia ardhini mpaka usawa wa goti, hivyo unaona ardhi upande hadi upande. Kutoka mlangoni hadi kichaka cha kwanza kuna mita tatu zilizofagiliwa. Njia ya choo ni ya kokoto, watoto wanapita hapo bila kukanyaga majani. Fanya hayo na utakuwa na ua salama kuliko wa mwenye nyasi za pemba na rundo la matofali. Ukikuta kinyonga tawini, muache apite. Hana sumu na hana laana yoyote, na kazi yake ni kula nzi.

Kupogoa, na moto

Leleshwa huchipuka tena kutoka kwenye kisiki, ndiyo sababu wachoma makaa hawajaimaliza. Kwa hiyo usiogope kukata, ila kata kwa wakati. Ngoja pamba ziishe na ukague viota kwanza. Ingiza mkono, tazama kila panda ya tawi. Kikiwa na mayai au makinda, kichaka hicho kiache mpaka watoke, hata kama kimefunika dirisha. Tumia mkasi wa kupogolea badala ya panga, kwa sababu panga hupasua shina na kukaribisha kuvu. Punguza theluthi moja tu kwa mwaka. Kichaka kilichozeeka na kuwa mifupa mitupu ndani, kikate hadi usawa wa goti mwanzoni mwa mvua, nacho kitarudi kizima.

Jambo moja usilisahau. Mafuta yaliyo ndani ya majani na mti hufanya leleshwa iwake hata ikiwa mbichi. Usiipande karibu na jiko la kuni, wala pale mnapochomea takataka, wala kugusa paa. Matawi unayokata yasirundikwe chini ya dirisha wakati wa kiangazi. Mimi huyakausha kidogo na kuyapunguza kwa ajili ya jiko, na mengine machache nayaweka chini ya vichaka vyenyewe, yametandazwa, siyo rundo, ili mijusi na mbawakawa wa ardhini wapate pa kukaa.

Pamba ikikomaa kwa jike wako wa kwanza, chukua kiasi cha karai moja kwa ajili ya kitalu kipya na uiache iliyobaki mtini. Chozi na wengine wataichukua kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ukiwa na miche ya ziada, mpe jirani aliye upande unakovuma upepo, umwambie kuhusu dume na jike, na umkatalie samadi.